Ubao wa matangazo wa kijiji: shajara ya kazi, Januari hadi Julai 2025

Mji wetu uko kando ya barabara kuu, chini ya milima ya Usambara. Una stendi, gulio la Alhamisi, mashine tatu za kusaga na bodaboda wasiohesabika, ila kwenye makaratasi ni kijiji chenye vitongoji vinne. Kwa hiyo habari zote za serikali hupitia kwa Mtendaji wa Kijiji na Mwenyekiti, na kila miezi mitatu unatakiwa mkutano mkuu ambapo mapato na matumizi husomwa mbele ya watu. Naandika haya kwa sababu wenzetu wa vijiji viwili jirani wameomba kuiga tulichofanya. Waige, lakini wasiige yote. Bei ni za hapa kwetu, za mwaka 2025.

19 Januari

Jana mkutano mkuu ulihudhuriwa na watu hamsini na kitu, wengi wao wajumbe na wake zao. Walipoulizwa wengine wako wapi, jibu likawa lile lile: hatukutangaziwa. Mtendaji akaapa kwamba alibandika tangazo siku kumi kabla. Tukatoka nje wote kwenda kuangalia. Tangazo lilikuwepo kweli, chini kushoto, nusu limefunikwa na bango la Sensa linalotukumbusha tujiandae kuhesabiwa tarehe 23 Agosti 2022.

Mwenyekiti, ambaye tumemchagua Novemba 27 na bado ana ari, alicheka kwanza, halafu akanigeukia. Nina steshenari ndogo mkabala na ofisi, na hapa kila jambo lenye karatasi ndani yake huonekana ni langu. Tumekuwa kamati ya watu watatu: mimi, mwalimu mmoja mstaafu ambaye mji mzima unamwita Mwalimu tu, na kijana wa bodaboda ambaye ni katibu wa kijiwe chao.

Leo tumeuvua ubao wote na kuhesabu. Karatasi 34. Zilizopitwa na wakati 27, zisizo na tarehe yoyote 5, zilizo hai 2. Moja kati ya hizo mbili ilikuwa tangazo la mkutano wa jana.

Mimi nilipendekeza tutoe kijarida cha ukurasa mmoja kila wiki. Mwalimu akanikumbusha kwamba chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 gazeti au jarida linataka leseni, na kwamba kijiji ambacho hakijaweza kutunza ubao mmoja hakina haja ya kuanzisha gazeti. Wazo limekufa hapo hapo.

2 Februari

Ubao mpya umesimama ukutani pa ofisi. Mkutano ulitoa 150,000, wafanyabiashara wa stendi wakachanga 60,000. Matumizi: plaiwudi ya milimita 18, shiti moja, 62,000, mbao mbili za fremu 24,000, kioo na kukikata 45,000, bawaba, komeo na kufuli 13,500, misumari na skrubu 5,500, rangi ya mafuta lita moja 9,000, fundi 40,000. Jumla 199,000. Chenji 11,000 iko kwa Mwalimu, kwenye bahasha, imeandikwa.

Kioo lilikuwa wazo langu. Niliona kwenye ofisi moja mjini Tanga, kikanipendeza: karatasi zimekaa safi ndani, hakuna mtoto wa kuchana, hakuna mganga wa kienyeji wa kubandika namba yake ya simu juu ya tangazo la chanjo. Fundi aliniuliza, "Na ufunguo atakaa nao nani?" Nikamwambia hilo ni dogo.

16 Februari

Ufunguo si jambo dogo.

Mtendaji alipata msiba kwao, akasafiri siku sita na ufunguo mfukoni. Katikati ya siku hizo likaja tangazo la kukatika maji siku mbili kwa ajili ya matengenezo ya bomba. Kufuli limefungwa. Aliyeleta tangazo akalibandika juu ya kioo kwa nje, kwa uji wa ngano. Kesho yake mwingine akaona ndio utaratibu mpya, naye akabandika lake. Mtendaji aliporudi, kioo kilikuwa na karatasi saba kwa nje, na za ndani hazionekani kabisa. Kuubandua uji uliokauka juani kumenichukua asubuhi nzima, na wembe mmoja.

Kosa la pili pia ni langu. Ukuta ule unatazama magharibi. Jua la alasiri linaupiga kuanzia saa nane mpaka linapozama. Matangazo niliyochapa kwa printa ya wino wa maji yamefifia ndani ya wiki mbili; maneno mekundu ndiyo yaliyotangulia kutoweka. Yaani "MUHIMU" ilipotea, yale mengine yakabaki kwa shida. Yaliyotoka kwenye mashine ya kopi, ile ya tona, hayajabadilika hata kidogo.

Tulichorekebisha: kioo kimetolewa (sasa ni juu ya meza dukani kwangu, na nimelipa 20,000 kwenye bahasha kwa ajili hiyo, Mwalimu alisema 25,000, tukabishana). Nusu ya kushoto ya ubao tumeiwekea mlango wa wavu wa chuma wenye kufuli, kwa nyaraka zenye saini na muhuri. Fundi ametumia mabaki, hakutoza. Nusu ya kulia iko wazi kwa watu wote. Funguo zimechongwa tatu: Mtendaji, Mwenyekiti, Mwalimu. Na chochote nichapacho kwa wino wa maji natoa kwanza kopi ya tona, ndiyo inayobandikwa.

9 Machi

Mvua za mwanzo. Ubao umevimba.

Nilipaka rangi mbele na nyuma nikajiona fundi. Kingo sikuzipaka. Plaiwudi hunywa maji kwa kingo kama kitambaa kinavyonyonya. Ukingo wa chini umefumuka tabaka tabaka, unaweza kuingiza kidole kati ya tabaka na tabaka. Fundi ameukata sentimita nne kwa chini, akapiga msasa, akapaka kingo zote rangi mara tatu, kisha akatengeneza kofia ya bati inayotokeza mbele sentimita arobaini. Bati kipande, rangi na ujira: 31,000. Chenji ya mwanzo pamoja na hela ya kioo zimelipa kila kitu, Mwenyekiti hakuombwa.

Anayeiga: kofia ya bati na kingo zilizopakwa vitangulie, hayo mengine yafuate. Sentimita ishirini hazitoshi, tulijaribu na kipande cha kuazima. Mvua ya hapa huja na upepo, haidondoki wima.

23 Machi

Ramadhani imeingia kumi la mwisho, biashara mchana imelala, nimepata muda wa kufanya jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Nimekaa mlangoni kwangu na kuhesabu wanaosimama kwenye ubao. Siku mbili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Waliosimama na kusoma: 19. Kumi na moja kati yao walikuja ofisini kwa shida nyingine, wakasoma wakimsubiri Mtendaji.

Kijana wetu wa bodaboda ndiye aliyeniambia bila kuzungusha: "Kaka, huku ofisini mtu anakuja akiwa na kesi. Tangazo lipeleke watu wanakosubiri kitu." Akataja mashine ya kusaga iliyo karibu na soko. Mtu akipeleka debe la mahindi, anakaa hapo dakika arobaini hadi saa nzima, na umeme ukikatika anakaa zaidi. Nikaenda nikahesabu kwa asubuhi moja: watu 46 walioketi kwenye gogo wakitazama ukuta mtupu.

Mama mwenye mashine nilimkuta amejaa unga mpaka kope. Nilimwamkia, nikamweleza. Akauliza maswali mawili tu. La kwanza, kama matangazo ya siasa yatakuja hapo. Nikamwambia hapana, vyama vina mbao zao. La pili, kama nami nitakuwa naleta mahindi yangu kwake badala ya kule ninakosaga siku zote. Nikamwambia ndiyo, mama.

6 Aprili

Ubao wa mashineni umesimama. Safari hii hakuna plaiwudi. Mbao za kawaida nne 32,000, mirunda miwili ya nguzo 10,000, bati moja 22,000, saruji mfuko mmoja 16,500, rangi 9,000, waya na vibanio vya kuanikia nguo 7,000, fundi 25,000. Jumla 121,500, iliyochangwa gulioni Alhamisi mbili, daftari la michango liko kwa Mwalimu.

Kuhusu vibanio. Pini za kusukuma kwa kidole haziingii kwenye mbao ngumu, misumari inachana karatasi, na gundi tumeshaona mambo yake. Tukapitisha waya mlalo chini ya kofia ya bati na kuning'iniza karatasi kwa vibanio vya nguo, viwili kila moja. Ilipendeza kwa saa mbili. Upepo wa mchana ukazigeuza zote zikatazama ukuta, na mzee mmoja akawa anasoma kwa kushika karatasi kwa fimbo. Dawa yake ni waya wa pili chini ya ule wa juu, karatasi ibanwe juu na chini. Karatasi ya A4 ikikaa wima ina sentimita 29.7, kwa hiyo waya wa chini ukae sentimita 28 kutoka ule wa juu ili kibanio kipate cha kuuma. Sisi tuliuweka 30, tukautoa, tukaurudisha kwenye 28. Watoto wameiba vibanio vinne wiki ya kwanza, kisha wakachoka.

Ukubwa wa maandishi: tumejaribu na wazee watatu waliokaa kwenye lile gogo, mita mbili na nusu kutoka ubaoni. Fonti ya 12, ambayo barua nyingi huja nayo, hakuna aliyeisoma. Ya 20, mmoja. Ya 30, wote. Sasa kila barua inayoletwa naiandika upya kwa 30, na hiyo inalazimisha maneno yapungue. Barua ya ukurasa mmoja na nusu kuhusu usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi imekuwa mistari minne. Salamu na "rejea kichwa cha habari hapo juu" ndivyo vilivyokuwa vinakula nafasi.

13 Aprili

Hii naiandika kwa aibu.

Zahanati ilileta barua ya kliniki ya mkoba, kupima uzito wa watoto na chanjo, kwenye kitongoji cha mbali, siku ya Jumatano. Barua ilisema vizuri kabisa: saa 3:00 asubuhi. Ilikuja nikiwa na wateja, nikaweka kikumbusho kwenye simu. Simu yangu inahesabu saa kwa mtindo wa kizungu, kwa hiyo nikaweka 09:00. Usiku nikaandika tangazo nikitazama simu, barua iko droo. Nikaandika: JUMATANO, SAA 9:00.

Unaona mwenyewe. Hakuna "asubuhi", hakuna "alasiri", na Mswahili akiona saa tisa anajua ni saa tisa. Wauguzi walifika saa tatu, wakakuta watoto sita, wale ambao mama zao waliambiwa kwa mdomo. Wakasubiri mpaka saa saba, wakafunga mizani yao wakaondoka. Saa tisa alasiri wakaja kina mama kumi na saba. Wawili walikuwa wametoka shambani ng'ambo ya mto, watoto mgongoni, kanga zimelowa mpaka magotini. Mmoja wao alikuja dukani kwangu siku ya pili, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, ulisema saa tisa ya nani?" Sikuwa na jibu. Ningependa angefoka.

Zahanati wamekubali kurudia siku hiyo baada ya wiki mbili. Mafuta ya pikipiki ya kuwaleta wauguzi mara ya pili, 8,000, nimelipa mimi. Hayamo kwenye hesabu za mradi.

Utaratibu mpya, na huu ukiigwa peke yake na mengine yote yakaachwa, nitaridhika. Saa inaandikwa kwa maneno, na kipindi cha siku kinatajwa. Siku na tarehe zinakaa pamoja, ili moja ikikosewa nyingine ipige kelele. Hakuna "kesho", hakuna "wiki ijayo". Aliyeandika hasomi mwenyewe kuhakiki. Anampa mwingine amsomee kwa sauti huku yeye ameshika barua ya asili. Na chini kabisa kuna tarehe ya kuondolewa. Mfano wa tangazo la marudio lilivyotoka:

KLINIKI YA MKOBA: UZITO NA CHANJO
Watoto chini ya miaka mitano
Jumatano, 23 Aprili 2025
Saa tatu kamili ASUBUHI hadi saa saba mchana
Chini ya mwembe, karibu na shule ya msingi
Njoo na kadi ya kliniki ya mtoto
Imeletwa na: Zahanati. Namba 41.
Iondolewe: 24 Aprili

Hiyo "Namba 41" ni ya daftari. Nimenunua kaunta buku ya 3,500. Kila tangazo linaingia kwa namba, nani kaleta, limebandikwa lini, limetolewa lini na nani. Nilikuwa nimelikwepa nikiona ni urasimu.

27 Aprili

Mkutano mkuu wa robo mwaka jana, watu 140 na ushee. Sijui ni ubao, au ni kwamba kulikuwa na habari ya upimaji wa viwanja. Nadhani ni viwanja.

Kilichonichosha ni mapato na matumizi. Taarifa iliyosomwa ni karatasi iliyolazwa, mistari midogo arobaini na tatu yenye namba za vifungu, na Mtendaji alishasema waziwazi kwamba waraka wenye saini na muhuri haugeuzwi hata nukta. Yuko sahihi. Tukakubaliana: waraka wenyewe unakaa nyuma ya wavu pale ofisini, kama ulivyo. Mashineni tunaweka muhtasari wa mistari tisa, umeandikwa juu kabisa kwamba ni muhtasari na waraka kamili uko ofisini. Nikauandaa usiku ule ule wa Jumamosi, nikaubana asubuhi ya Jumapili kabla ya kanisa.

Saa nne simu ikaanza kulia.

Fungu la ukarabati wa choo cha shule lilikuwa 450,000. Mimi nikaandika 540,000. Tarakimu mbili zimebadilishana viti, basi. Jumla ya chini nilikuwa nimeinakili kutoka kwenye waraka, kwa hiyo ilikuwa sahihi, na mistari ya juu haikulingana na jumla hiyo: ilizidi kwa 90,000. Kwenye lile gogo alikuwepo kijana mmoja wa kuuza vitunguu ambaye hujumlisha kwa kichwa kuliko kikokotoo. Akajumlisha. Akarudia. Akaita wenzake. Kufikia saa tano habari ilikuwa imeshavuka barabara: elfu tisini ya choo cha watoto imeliwa. Ilipofika stendi ilikuwa laki tisa.

Mwenyekiti alikuja akiwa na kanzu yake ya msibani, hajakaa, hajasalimia. "Umeniuza," akasema. Tukaenda naye ofisini, tukafungua wavu, tukalinganisha, kosa likaonekana. Nilitaka kuchomoa muhtasari na kubana mwingine kimya kimya. Mwalimu akakataa katakata. Ukitoa ile karatasi sasa, akasema, nusu ya mji itaamini kwamba ile ya kwanza ndiyo ilikuwa kweli na hii ndiyo ya kufunika.

Kwa hiyo tumefanya hivi: karatasi yenye kosa imebaki pale pale, 540,000 imekatwa kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu ili bado isomeke, pembeni nimeandika 450,000, na chini yake: "Kosa ni la mwandishi wa muhtasari, mwenye steshenari. Waraka wa kijiji haukuwa na kosa." Nikasaini. Kisha Mwenyekiti akaufungua waraka mashineni, mbele ya watu, na akamwita yule muuza vitunguu ausome yeye, mstari kwa mstari, huku mwingine akijumlisha kwa simu. Ilichukua dakika ishirini na mashine ikazimwa ili sauti isikike. Mama mwenye mashine alisema hasara ya dakika hizo ataidai kwangu, na sijui kama alikuwa anatania.

Tangu hapo takwimu zinahakikiwa na watu wawili, na mmoja wao ni yule muuza vitunguu. Amekubali kwa sharti kwamba asiingizwe kwenye kamati.

18 Mei

Mwezi huu mambo ya kawaida yamekwenda bila kelele: uwekaji wazi wa daftari la awali la wapiga kura, watu wakahimizwa wakaangalie majina yao, minada, mbuzi wazururaji, orodha ya vitambulisho vya NIDA vilivyofika ofisi ya kata. Orodha hiyo ilikuja na majina, namba za vitambulisho na namba za simu, vyote kwenye mstari mmoja. Tumebandika majina tu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata bila sheria, namba ya kitambulisho ya mtu si ya kuning'inizwa sokoni kwa kibanio cha nguo.

Lililotuumiza ni la mikopo. Asubuhi ya gulio limekutwa tangazo mashineni, limechapwa vizuri kuliko yangu, nembo ya taifa juu: mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, fomu zimetoka, tuma ada ya fomu 10,000 kwa namba hii. Mikopo yenyewe ipo kweli. Ni asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, haina riba, na ilikuwa imesimama tangu 2023 hadi ilipofunguliwa tena mwaka jana, kwa hiyo watu walikuwa na kiu nayo. Tapeli alijua hilo. Wanawake watatu wa kikundi kimoja walikuwa wameshatuma kabla ya saa nne, jumla elfu thelathini. Wameripoti polisi.

Kilichokosekana pale ni namba ya daftari na jina la aliyelileta, lakini nani alikuwa anajua atazame hilo? Sisi watatu tu. Sasa juu ya mbao zote mbili kumepakwa kwa rangi nyekundu: TANGAZO LISILO NA NAMBA SI LETU. USITUME HELA. Na Mwalimu amezungumza kwenye vikundi vya kina mama kwamba habari za mikopo zinathibitishwa kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ana kwa ana. Namba inaandikwa kwa mkono, kalamu ya kijani, mwandiko wa Mwalimu. Tapeli anaweza kuiga nembo ya taifa. Ule mwandiko wa ualimu wa miaka thelathini na mitano namtakia kila la heri.

15 Juni

Kundi la WhatsApp. Tulilianzisha Februari, sikuliandika kwa sababu halikuwa na la kuandika: picha ya tangazo moja, ikifuatiwa na salamu za asubuhi mia moja, maua, na mjadala wa Simba na Yanga. Tangazo la msiba lilizama chini ya utani ndani ya dakika tano na wafiwa wakaudhika. Tangu tarehe mosi kundi limefungwa, wanaoandika ni sisi watatu tu. Watu 38 wamejitoa. Waliobaki 212. Picha inapigwa ubaoni, tangazo likiwa limeshapata namba, ili kisichokuwepo ubaoni kisiwepo kwenye simu.

Kwa wasiosoma na wasio na simu, nakala moja inakwenda msikitini kabla ya Ijumaa na makanisani kabla ya Jumapili. Kipaza sauti cha kubeba tuliazima, kijana wetu akapita nacho na pikipiki jioni ya mkesha wa mkutano. Kasi ilikuwa ya bodaboda. Kitongoji cha kwanza walisikia "mkutano", cha pili wakasikia "kesho saa". Mara ya pili alisukuma pikipiki kwa miguu.

20 Julai

Mkutano wa robo mwaka jana: 118. Hakukuwa na habari ya viwanja safari hii.

Hesabu hadi leo: ubao wa ofisini 199,000, matengenezo yake 31,000, ubao wa mashineni 121,500, kaunta buku 3,500, karatasi na tona, miezi sita, 54,000. Jumla 409,000. Humo kuna 45,000 ya kioo, iliyorudi 20,000 tu, na sehemu kubwa ya ile 31,000 isingetumika kama ningepaka kingo siku ya kwanza. Anayeanza leo aanze na ubao wa mbao na vibanio mahali watu wanaposubiri, hiyo 121,500 na kaunta buku, na ofisini aweke kijisanduku cha wavu kwa ajili ya nyaraka zenye muhuri.

Bado: ufunguo wa Mwenyekiti umepotea tangu Juni na anasema uko nyumbani. Kitongoji cha mbali wanataka ubao wao; bomba la maji lina foleni kuanzia alfajiri, pale pangefaa, ila mbao hatuna.

Namba 97 kwenye daftari imeletwa na mzee mmoja, kaandika mwenyewe kwa mkono, herufi kubwa kama alivyoona zetu: MBUZI JIKE, MWEUSI, SIKIO LA KUSHOTO LIMEKATWA NCHA. AMEPOTEA JUMATATU, 7 JULAI 2025, BAADA YA ADHUHURI. Na chini: IONDOLEWE: AKIPATIKANA. Mwalimu alisema hiyo si tarehe. Mzee akasema mbuzi hana kalenda. Walibishana mpaka unga wa mzee ukawa tayari. Tukampa siku kumi na nne. Mbuzi ameonekana siku ya tisa, kwenye shamba la mkonge. Karatasi ameitoa mzee mwenyewe, akaja dukani kusaini daftari, na vibanio vinne akavirudisha mkononi mwangu, kimoja kimoja.